Nilimwambia Yuko Isangi

Mume wangu, avoka, yaani wakili, hapa Kisangani, alikamatwa kwa maneno aliyosema redioni. Alisema kuna hakimu aliyeandika hukumu kabla ya kumsikiliza mjane mmoja, mvuvi wa kwenye maporomoko, na kiwanja cha mjane kikapewa mtu mwingine. Wakasema ametukana mahakama, wakamfunga.

Gerezani kwetu mfungwa hula anacholetewa na jamaa zake. Kila nilipopeleka fufu na pondu, mboga ya majani ya muhogo, mlinzi alichovya kijiko chake kwanza. Nami nikaanza kuonja kila kitu kabla ya kufunika sufuria, hata nilichopika mwenyewe.

Mjane alitakiwa kusema kwenye rufaa ya mume wangu. Watu tusiowajua walipoanza kuzunguka nyumba yake, nilimficha Yangambi, kwa shangazi yangu.

Avoka mwenzake mume wangu, baba wa ubatizo wa binti yetu, alikuja kila jioni na mkate. Watoto walimwita tonton, mjomba. Tulizungumza juu ya rufaa, lakini mazungumzo yaliishia kwa mjane: anakula vizuri? Analala kwa nani? Niliona haya kumshuku. Majirani wote walikuwa wameacha kunisalimia; yeye peke yake alibaki.

Jioni moja aliuliza wazi. "Mama, ule mwanamuke iko wapi sasa? Bon, mimi ndiye wa kumutayarisha."

"Iko Isangi, kwa dada yake," nikamjibu. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria. Alimaliza chai yake, akaaga.

Siku chache baadaye binamu yangu, anayeuza samaki wa moshi Isangi, alifika sokoni na habari. Wanaume fulani walikuwa wameshuka bandarini kule wakimuuliza mjane kutoka Kisangani. Isangi nilikuwa nimeitaja kwa mtu mmoja tu.

Nilimweleza mume wangu gerezani, kwa Kilokele cha kwao, ili mlinzi asielewe. Aliendelea kutafuna. Kisha akasema nisimfukuze rafiki yake, kwa maana nikimfukuza, wanaomtafuta mjane watajua kwamba tunajua. Kwa hiyo niliendelea kumpikia chai na kucheka naye, huku nikitazama macho yake.

Siku ya rufaa mimi mwenyewe nilimpokea mjane bandarini, akitoka Yangambi. Alipoingia mahakamani, yule rafiki hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

Mjane alisema yote bila kutetemeka. Mume wangu aliachiliwa, ila alikatazwa kufanya kazi yake kwa muda. Kiwanja hakijarudishwa mpaka leo.

Baada ya misa ya kwanza aliyohudhuria tangu aachiliwe, mume wangu alimuuliza rafiki yake ana kwa ana juu ya Isangi. Yule alijibu kwamba labda alitaja Isangi ofisini bila kuwaza, na wengine wakasikia. Machozi yalimlengalenga. Mume wangu alimshika bega, akasema amemwamini.

Mimi sikuweza. Niliomba tuhamie ng'ambo ya mto, Lubunga, na tukahama bila kuwaaga watu wa mtaa.