Mkono wa Randa ya Mpwapwa

Mama mmoja alifika karakanani kwangu Nzuguni jua limeshakuwa kali, bega moja limelemewa na mzigo uliofungwa kwenye kitenge. Alikuwa ametoka Mpwapwa kwa basi. Ndani ya kitenge mlikuwa na mkono wa chuma unaobeba meza ya mashine ya randa, ile ya kulainishia mbao, umekatika vipande viwili. Nyumbani kwake walikuwa wanaihamisha mashine, ikawaponyoka.

Nilichoka kabla ya kuanza. Ilikuwa kasti, chuma cha kumiminwa cha zamani. Ukikichomelea kwa pupa kinapasuka pembeni ya kiungo. Mgongo ulikuwa unaniuma, na macho yangu siku hizi hayataki moto.

"Mama, mashine hii imezeeka," nikamwambia. "Tafuteni nyingine."

"Ni ya mume wangu, fundi. Amepooza, hata kusema ni kwa shida. Kitanda chake kiko chumba kinachopakana na mashine. Mwanangu mkubwa ndiye anayefanya kazi sasa, baba yake anasikiliza. Tangu mashine inyamaze, amegeukia ukutani. Hata uji anausukuma."

Nikachukua miwani.

Mara ya kwanza nilichomelea nikaona nimemaliza. Tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia mlio mwembamba, kama glasi. Chuma kimepasuka tena. Mama akaweka kikombe chini. Nilitamani anitukane, nipate sababu ya kumrudishia mzigo wake.

Nikausaga ufa wote upya. Safari hii nilikipasha chuma kizima juu ya mkaa hadi kikaanza kuiva na kuwa chekundu, nikakiunga kwa shaba, kisha nikakifukia kwenye pipa la majivu kipoe taratibu. Yeye akaenda kulala kwa dada yake, mtaa wa Kikuyu. Asubuhi nikakigonga kwa nyundo mbele yake, kikashika.

"Ila meza itainama kidogo upande mmoja," nikamwambia.

"Tutaweka kipande cha bati chini."

Siku chache baadaye akapiga simu. Nyuma yake randa ilikuwa inanguruma, na mtu anafoka maneno nisiyoyaelewa.

"Ni nani huyo?"

"Mzee. Anamgombeza mwanawe, ameingiza ubao kinyume." Kisha akaongeza, "Leo amekunywa uji, fundi. Kidogo, lakini amekunywa."

Nikamwambia tumshukuru Mungu. Nilitaka kukaa na furaha ile walau dakika chache, lakini mlangoni alikuwa amesimama mtu, jasho linamtoka, amebeba gurudumu la msumeno lililovunjika.

"Karibu," nikasema, nikainuka kwa kushika meza.