Tumeamkaje

Kliniki nzima ya saratani ilimwita Tumeamkaje, kwa sababu ndivyo mama huyo alivyowasalimu wagonjwa benchini. Alikuwa amepona saratani yake mwenyewe, akabaki kuwasindikiza wengine. Akishakaa pembeni ya mtu, ugonjwa ulikuwa wa wawili. Ndani kwa daktari aliupakata mkoba wa mgonjwa kama wake, akamkatiza mtaalamu katikati ya maneno: "Hapo umetuacha, daktari. Rudia kwa lugha ya jikoni." Siku moja alimsindikiza mzee mmoja, akasema, "Tezi dume inatusumbua." Daktari akacheka. "Mama, na wewe unayo tezi dume?" "Leo ninayo," akajibu, wala hakutabasamu.

Muuguzi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, tangu wamzike anayachambua maneno yake kama mtu achambuaye mchele. Kuna asubuhi walikuwa wakisuuza vikombe, Tumeamkaje akasema, "Ugonjwa umeturudia." "Mgonjwa yupi tena huyo?" aliuliza muuguzi, akiwaza benchi zima isipokuwa aliyesimama naye. Mwenzake alicheka mpaka kikombe kikamponyoka. Je, alikuwa akificha, au ndiyo alikuwa akisema waziwazi?

Leo mama mwingine ameingia kwa daktari peke yake. Muuguzi alikuwa ameleta faili lake na kugeuka kutoka. Akarudi, akavuta kiti, akaupakata mkoba wa yule mama.

"Haya, shida nini?" daktari akauliza.

"Tumeona uvimbe," akasema muuguzi.