Mkoromo wa Bonifasi

Enzi zetu pale Mbekenyera hakuna mtoto aliyelala peke yake. Tulilala watano kwenye jamvi moja, vichwa huku miguu kule, na aliyewahi nafasi ya ukutani alijiona tajiri. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa korosho, nguo zinanuka moshi, matumbo yamejaa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Mchana kutwa tumecheza rede, vumbi limetukolea mpaka kwenye kope. Mama hajamaliza kufunga mlango, sisi tumeshalala. Mliokulia Malolo au Nambilanje mnanielewa. Hawa watoto wa leo, ukiwaambia tulilala watano jamvi moja, wanakuuliza mlikuwa mnachajia wapi simu.

Katika hao watano alikuwemo mdogo wangu Bonifasi, tuliyeachiana ziwa. Bonifasi alikoroma. Sisemi mkoromo wa mtoto mwenye mafua, nasema mkoromo wa mtu mzima aliyeshiba. Katikati alinyamaza kabisa, halafu akashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani. Tulimcheka, tukampiga viwiko, tukamwita Mashine. Shuleni alisinzia, mwalimu akamchapa. Nyumbani mama alisema uvivu huo kautoa kwa upande wa baba yake. Nani angejua kwamba ni ugonjwa? Kwetu mtu akikoroma, husemwa amepata usingizi mtamu.

Kitu kimoja tu kilitunyamazisha sote: lipiko. Sisi ni Wamakonde. Babu yetu alivuka Ruvuma akiwa kijana na ngoma zake akaja nazo. Lipiko ni yule mchezaji anayevaa kinyago cha mti, mwili wote umefungwa nguo usione hata ukucha. Watoto na wanawake tuliambiwa huyo si mtu, ni mfu aliyerudi. Wanaume waliopita jandoni waliujua ukweli, na mwanamke aliyeujua alitakiwa ajifanye haujui. Mama alimtumia lipiko kama wengine wanavyotumia fimbo. "Laleni," alituambia, "lipiko anapita kuchukua pumzi za watoto wasiolala." Wee! Tulilala. Bonifasi alikuwa anafumba macho kwa nguvu mpaka machozi yanamtoka.

Alikufa msimu wa korosho, alasiri, jua likiwa kali. Tulikuwa shambani, yeye amechoka kuokota, akajilaza kwenye jamvi kibandani. Sisi tukakaa pembeni yake tukitoa korosho kwenye mabibo na kutambiana hadithi. Alikoroma mpaka tukawa hatusikiani. Kisha akanyamaza. Nilingoja ashtuke kama kawaida yake, hakushtuka. Nikasema, "Afadhali." Tukaendelea na kazi, na hadithi ikanoga. Mama alipokuja kumwamsha ili tubebe magunia, alikuwa ameshapoa.

Watu wazima walisema siku yake ilikuwa imefika. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na lile neno nililosema sikumwambia mtu.

Leo ni fundi cherehani hapa Nachingwea, naishi na mama yangu na wanangu. Wa mwisho ni Domitila, ana miaka sita. Siku ya kwanza nilipomsikia akikoroma, akanyamaza, akashtuka, nilikuwa nakata kitambaa. Mkasi ulinidondoka. Nilimpeleka hospitali, wakamtoa mafindofindo, haikutosha. Tukapelekwa hospitali kubwa, nako tukarudi na mashine inayosukuma hewa puani kwa mpira na barakoa. Daktari hakunificha. Njia yake ya hewa inajifunga akilala, na asipovaa barakoa kila anapolala, iko siku hataamka.

Hapo ndipo nilipovuna nilichopanda. Maana na mimi, mjinga, Domitila nilimlea kwa lipiko. Akigoma kulala nilimwambia maneno yale yale ya mama, pumzi na yote. Sasa naitoa barakoa hiyo kwenye boksi, ina mikanda ya kuzunguka kichwa na mpira mrefu unaning'inia, mtoto huyo uvunguni! Analia kwamba lipiko amekuja kuchukua pumzi yake. Nilimshika kwa nguvu siku mbili, akatapika ndani ya barakoa, nikaacha. Mama yangu ndiyo kabisa, aliifunika kwa kanga akasema sura ya kuvaa si ya mtoto wa kike. Muuguzi alikuwa ameniambia nimzoeshe mchana, akiwa anacheza. Angezoea vipi kitu asichotaka hata kukiona? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wiki nzima mtoto alilala ameketi, ameniegemea kifuani, mimi nasikiliza.

Nikampigia simu mjomba wangu Leonsi, kaka wa mama, kule Mbekenyera. Miaka ile yeye ndiye aliyekuwa akicheza lipiko, na wanawake wote walijua, na hakuna aliyetamka. Mimi, mwanamke, nilitamka. "Mjomba, najua ndani ulikuwa wewe. Njoo umwambie mtoto, maana atakufa kama Bonifasi." Akakata simu. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na nilikuwa nimemvua nguo.

Kesho yake adhuhuri bodaboda ilisimama mlangoni, akashuka amevaa koti lake la kanisani. Hata maji hakunywa. Aliketi mkekani mbele ya Domitila, akaichukua barakoa, akaivaa, mikanda ikabana mvi zake. Mtoto akapiga yowe. Mama yangu, mwanamke wa miaka yote hiyo, akageuza uso ukutani kama alivyofundishwa akiwa mwali. Mjomba akaivua polepole.

"Tazama, mjukuu wangu. Ni mimi. Siku zote lipiko alikuwa mtu tu."

Akaivaa tena, akaivua tena, sijui mara ngapi, mpaka Domitila akasogea akamgusa shavu. Ndipo mzee akasema, bila kututazama, kwamba hakuna mtoto aliyemwogopa kama Bonifasi, na kwamba hofu ile aliifurahia, akiiona ni sifa ya mchezaji hodari. Mama yangu aligeuka kutoka ukutani. Alilia tu, na mimi nikalia, kwa sababu Bonifasi hatukuwa tumemlilia pamoja tangu azikwe.

Domitila alianza kuivaa akiwa anacheza kibaba na kimama, huku mwanasesere wake naye amevaa barakoa niliyomshonea kwa vipande vya kitenge. Sasa analala nayo. Asubuhi mashavu yake yana michirizi ya mikanda, na hajapona. Huenda akaivaa miaka mingi. Umeme wetu nao mnaujua. Nimeweka betri ya sola, lakini mawingu yakikaza nayo inachoka mapema. Kaka zake wakubwa wananung'unika kwamba mvumo wa mashine unawanyima usingizi, wao ambao simu ikikaribia kuzima wanazunguka nyumba nzima kutafuta waya kama wamefiwa.

Tukikutana wa rika langu tunazisifu enzi zetu, na wenzangu hawakosi kusifu ule utulivu, kwamba ulikuwa ukilala unasikia hata jani la mkorosho likianguka. Kweli, ulikuwepo. Mimi hapo huwa sichangii. Mashine ikikatika na nyumba ikawa kimya, najikuta nimeshasimama kabla sijaamka, mkono wangu uko kifuani kwa Domitila. Bonifasi naye alikuwa na mtu pembeni yake. Alikuwa na mimi, na mimi nilisema afadhali.