Kamelia za Mama Upendo

Shule niliiacha mapema, lakini majani ya chai nayajua hata nikifumba macho. Nilichuma katika mashamba ya Bumbuli kabla ya kuja Lushoto kutunza bustani ya Mama Upendo. Siku ya kwanza nikaona mbele ya nyumba vichaka vya majani mazito yanayong'aa, vimejaa vitumba vya maua. Nikacheka. Chai ikifikia kuchanua, ujue mchumaji amelala!

Mama alipokwenda Shume kumwona dada yake, nikaingia kazini. Nikakata vichwa pakawa sawa kama meza, vitumba nikavitupa, majani machanga nikayakausha. Aliporudi na akina mama wa kanisani, nikawaamkia, nikawamiminia vikombe.

"Chai gani hii, mwanangu? Mbona haikolei?"

"Yako mwenyewe, Mama! Shamba unalo mlangoni, halafu unahangaika na duka."

Akatua kikombe.

"Mlangoni nina kamelia, si chai," akasema polepole. "Maua ya harusi ya Upendo, Jumamosi. Hawa nimewaleta wayaone."

Wote wakageukia dirishani. Mimi nilikuwa bado nimeshika birika.