Tura Iko Mashariki

Jana nilikutana sokoni na Madamu aliyenifundisha darasa la tatu, nikakumbuka mchana ule wa vumbi la chaki. Aliandika ubaoni kwamba Tura iko magharibi ya Tabora, akauliza, "Tumeelewana?"

"Ndiyo, Madamu," darasa zima likaitikia.

Lakini bibi yangu aliishi Tura, na treni ya kwenda kwake kutoka Tabora ilielekea jua linakochomoza. Nikanyoosha kidole, nikasema ni mashariki. Bati lilikuwa likialika kwa joto, na fimbo ilikuwa mezani. Madamu akanipa chaki.

"Njoo usahihishe."

Miaka yote niliamini alikuwa akitupima. Jana, baada ya shikamoo, nikamshukuru kwa mtego ule.

"Mtego gani, mwanangu? Nilikosea kweli. Tena niliogopa kuliko wewe."

Nilishtuka hata kuaga nikasahau.