Unsi na Petroli

Mama mwenye nyumba niliyopanga Garissa alikuwa na desturi ya kunifukizia mtandio kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyizia unsi, ule udi wa Kisomali unaopikwa na sukari na manukato, kisha akautandaza mtandio juu ya kitenga mpaka moshi ukolee. Nilimwita Hooyo, yaani mama, naye akaniita hooyo vilevile, kwa kuwa Wasomali humrudishia mtoto jina la mzazi. Mimi ni mtu wa Embu. Kwetu ukinuka moshi, basi umetoka jikoni.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia sheria ya usafirishaji wa mafuta. Bomba kubwa linatoka Mombasa, linafika Nairobi, linaendelea magharibi, huku halikuja. Kinachokuja huku ni malori ya tangi, na malori yakichelewa, ni jerikeni juu ya paa la basi na chupa za soda zilizojaa petroli kando ya njia. Huku mtu akisafiri kwenda Nairobi husema anaenda Kenya. Sheria, hata hivyo, ni moja kwa nchi nzima, nami ndiye niliyetumwa kuileta. Nilisimama kizuizini kwenye barabara ya Dadaab nikikagua lakiri za matangi, leseni za madereva na vizima moto. Nina hasira za karibu, sikatai. Dereva akiwasha sigara karibu na tangi nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Walinizoea. Walisema wananinusa kabla hawajaniona, na kwamba afisa mkali namna ile kunukia namna ile ni dhuluma.

Ukame ulipokazana, unsi pale nyumbani ukaongezeka. Mama alifukiza asubuhi, akafukiza mchana, akafukiza jioni. Nikadhani ana wageni wengi, au anataka kuozesha.

Alasiri moja nilirudi mapema. Nikapita mbele ya stoo iliyo pembeni mwa chumba chake, na chini ya ule utamu wa unsi nikasikia harufu nyingine. Hiyo naijua kuliko harufu ya mchuzi wa mama yangu mzazi. Nikafungua pazia. Jerikeni za njano zilikuwa zimepangwa ukutani, moja imezibwa mdomo kwa karatasi ya nailoni tu, na hapo kizingitini, karibu nazo, chetezo kimekaa na makaa yake mekundu.

Wanaonijua hawaamini kwamba sikupiga kelele.  Nilikiinua kile chetezo kwa mikono miwili, nikatembea nacho polepole kama mtu aliyebeba kibuyu cha maziwa kilichojaa pomoni, nikakifikisha uwanjani na kukifukia kwa mchanga. Ndipo sauti ikanijia, na majirani wote wakaisikia.

Mama alitoka jikoni na unga wa anjera mikononi. Aliningoja nimalize.

"Betroli ni kidogo tu," alisema. "Ya bodaboda. Vituo vikikauka wananunua kwangu. Tangu mbuzi waishe, hii ndiyo inalisha nyumba."

"Na moto je? Moto wa nini mle ndani?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Ya kuondoa harufu. Wewe ni afisa. Ukijua, lazima useme. Usipojua, uko salama."

Nilikaa palepale mchangani. Mwaka mzima nilikuwa nawahubiria watu waweke moto mbali na mafuta, kumbe moto umeingia mle stoo kwa ajili yangu. Kama nisingepanga pale, petroli ingekaa ikinuka petroli, na hakuna ambaye angethubutu kuwasha hata kiberiti karibu nayo. Alikuwa ananikinga na shida, na nusura atuchome sote wawili. Nilimpenda na nikamwogopa kwa wakati mmoja.

Tukazitoa zile jerikeni pamoja, tukazipanga uwanjani mbali na kuta. Nikamwambia kwamba asubuhi nitasema ofisini.

"Uliingia mle kama mtoto wangu ama kama afisa?" aliniuliza.

 Nilimwambia tu kwamba sitaki kumzika, na nilimaanisha.

Wenzangu walikuja wakaichukua petroli yote. Nilimwombea sana, wakampa onyo badala ya kumpeleka kortini, lakini biashara yake ndiyo ilikuwa imepakiwa kwenye gari lile, na yeye alijua na mimi nilijua. Aliwapikia chai. Kikombe cha mwisho akaniletea mimi.

"Afisa, chai," alisema.

Tangu hapo chai haikukosekana hata siku moja. Kilichokosekana ni hooyo. Kila asubuhi mtandio wangu niliukuta kwenye msumari nilipoutundika, haujaguswa na moshi. Yeye akaanza kuuza chai na mahamri pale stendi ya mabasi, akirudi miguu imevimba. Nilitaka kuomba msamaha, ila kila nikijiuliza ni wa nini, sikuona kosa. Na bado moyo uliniuma kama mwenye kosa.

Siku moja kizuizini dereva mmoja mzee alishusha kioo, akavuta pumzi. "Madam, siku hizi hunukii. Umekosana na mama?"

Nikamwambia aonyeshe leseni. Halafu nikazunguka nyuma ya tangi lake, nikajifanya nakagua lakiri, nikalia.

Jioni ile nilimkuta Mama amekaa barazani akichambua mchele. Nikavua mtandio, nikamnyooshea.

"Hooyo, nanuka jasho."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Leta," akasema.

Akachukua chetezo, ambacho hakikuwa kimeona moto tangu siku ile, akakitia makaa. Akaipita baraza, akalipita jiko, akavuka uwanja wote mpaka kwenye ua wa miiba, akakiweka chini, akatandaza mtandio juu ya kitenga. Kisha akageuka, uso hauna hata tabasamu.

"Hooyo, hapa inatosha, ama sheria yako inataka mbali zaidi?"

Nikamwambia panatosha, nikaenda kusimama naye kwenye moshi.