Neno Lisilojua Mkubwa

Mdogo wangu wa kike aliporudi kutoka Uganda na Kiingereza chake, mambo ya nyumba yetu hapa mtaa wa Lumumba yaligeuka. Tangu tukimbie vita vya Djugu, Mama hakuwa akiamua hata siku ya kununua maharage bila kuniuliza mimi, mtoto wake wa kwanza. Sasa alianza kusema, "Tungoje mwenzako atoke kazini." Kazini! Kama vile mimi na cherehani yangu barazani tulikuwa tunacheza. Mdogo wangu alikuwa mkalimani wa shirika la misaada, akishuka kwenye gari jeupe na kitambulisho shingoni, na majirani wakitoka nje kumsalimu. Nilimwonea wivu, na sioni sababu ya kulitafutia jambo hilo jina zuri zaidi.

Jumapili moja alikuja na mgeni wa kazini kwake, mwanamke kutoka mbali ambaye hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Mimi ndiye niliyepika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Nilipoingia na sinia, mdogo wangu akanionyesha kwa mkono na kusema maneno machache ya Kiingereza. Nilidaka moja tu, "sibling". Mgeni akanisalimu juu juu, kisha akageuka kuendelea kumsikiliza yeye. Nikajua basi: sibling ni jina la mpishi.

Kumuuliza mwenyewe ningeona aibu kubwa. Kwa bahati nilikuwa nimeshajiandikisha kwenye masomo ya Kiingereza ya jioni katika ukumbi wa parokia, na nyumbani nilikuwa nasema naenda mazoezi ya kwaya. Sikuyapenda masomo hayo. Niliyafuata kwa sababu sikuweza kuvumilia kukaa kwenye meza yangu mwenyewe nikicheka baada ya wengine. Jumanne nikanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao.

"Mwalimu, sibling ni kazi ya namna gani?"

"Si kazi, mama. Ni mutu mulizaliwa naye. Mwanaume, mwanamuke, mukubwa, mudogo, bote ni sibling."

"Na mukubwa peke yake, banamwita nani?"

"Ukitaka unaweza kuongeza neno ingine. Lakini watu banasemaka tu sibling. Inatosha."

"Inatosha kwa nani?"

Wanafunzi wenzangu walicheka, lakini mimi sikuwa natania. Kwetu hakuna mtu aliye ndugu hivi hivi tu. Unaitwa yaya, yaani mkubwa, au unaitwa mdogo, na hapo ndipo inajulikana nani anapakuliwa kwanza na nani anatumwa maji. Hata mapacha tunakumbuka nani alitangulia kutoka. Mwalimu akaniambia nitunge sentensi. Nikasema kwamba sibling wangu ni mdogo kwangu. Akaiandika ubaoni, akaisifu, kisha akasema ile sehemu ya mwisho si ya lazima, akaipitishia kifutio. Niliondoka kabla ya somo kwisha.

Yote hayo ningeyameza kama si posa ya kitindamimba wetu. Familia ya mvulana ilikuwa inakuja kutoka Aveba. Baba alishafariki, kwa hiyo mambo ya mahari yangejibiwa na baba wadogo. Lakini kwetu, upande wa wanawake, binti wa kwanza ndiye anayewajibu mashangazi wa bwana arusi, na ndiye anayevishwa kitenge cha ukubwa. Siku hiyo niliingoja tangu ningali msichana. Maneno yake nilikuwa nayo kichwani, nayarudia nikishona. Ndipo Mama, akichambua mchele, akasema bila hata kuniangalia, "Pengine mwenzako ndjo aseme. Yeye amezoea watu." Mchana huo niliharibu mkono wa gauni la mteja.

Jioni tukiosha vyombo, nilishindwa kujizuia.

"Ulificha ukubwa wangu mbele ya mugeni wako," nikamwambia mdogo wangu. "Sibling! Sasa najua ni nini."

Akaacha sahani majini. Nilingoja aombe msamaha, hakuomba.

"Yaya, tangu nizaliwe, weye unanionyesha kwa watu: huyu ndjo mudogo yangu. Na sasa niko na myaka yote hii, ni mudogo tu. Kule Uganda nikajua ile neno. Nilifurahi sana. Ndani yake siko mudogo ya mutu."

Alisema polepole, bila hasira, akaendelea kuosha. Nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba alikwenda mbali akajipatia neno la kukaa ndani yake, na mimi sikuwahi kwenda kokote kutafuta langu.

Wageni wakaja. Sisi wanawake tulikaa chumbani kwenye mikeka. Mdogo wangu alivaa gauni nililomshonea mimi mwenyewe, na lilimkaa vizuri kiasi cha kuniudhi. Shangazi mzee wa bwana arusi alikuwa na kitenge mapajani. Baada ya salamu akauliza, "Mukubwa wa hapa ni nani?"

Mama akamtazama mdogo wangu. Wanawake wote wakafuata macho ya Mama. Mimi nilitazama mkeka, maana kama angesimama, sikutaka kuona.

"Mukubwa yetu ndjo huyu," mdogo wangu akasema, akanigusa goti.

Nikasimama. Maneno niliyoyatunza miaka yote yakatoka vizuri, bila kukwama, na mashangazi wakapiga vigelegele. Kitenge kikawekwa mabegani mwangu. Nilimgeukia Mama ili anione nacho. Alikuwa amemwinamia mdogo wangu, amemshika mkono, anamshukuru kwa kuniachia nafasi.